Ndege ya Bawa Moja

Katika maisha yangu nimejifunza mambo kadhaa ambayo hayajaniingizia hata senti moja, na mojawapo ni kuchora ndege ya jeti. Nilifundishwa mwaka 1973, nikiwa na umri wa miaka 10, na aliyenifundisha ni marehemu mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka. Mpaka leo, nikiachwa peke yangu na penseli na kipande cha karatasi kwa dakika tano, mkono huanza wenyewe: mstari mmoja mrefu wa katikati, kisha bomba, kisha pua. Nimechora ndege hizo pembeni mwa maandalio ya masomo, nyuma ya stakabadhi za duka na, nasikitika kusema, hata kwenye kumbukumbu za kikao cha wazazi ambazo nilitakiwa kuzikabidhi kesho yake asubuhi.

Huenda msomaji akauliza, kuna nini hapo cha kufundishwa? Kila mtoto anachora ndege. Ni kweli kabisa. Mimi nimefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30, na ukiwaambia watoto wachore kitu chochote wanachokipenda, nusu ya wavulana, na wasichana si haba, watakuletea ndege. Lakini itazame vizuri ndege ya mtoto. Kiwiliwili amekichora kwa ubavu, kama samaki aliyelazwa kwenye sahani, na madirisha yamepangwa mstari mmoja. Mabawa, hata hivyo, ameyachora kama mtu anayeitazama ndege hiyo kutoka juu ya wingu: moja limechomoza kwenda juu ya karatasi, jingine limechomoza kwenda chini. Yaani mchoraji yuko mahali pawili kwa wakati mmoja, na wala hana habari.

Ndege yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Tena mimi niliongeza pangaboi puani, ingawa nilikuwa nimeapa mbele ya wenzangu kuwa hiyo ni jeti.

Nyumba yetu ilikuwa Kiwalani, jijini Dar es Salaam, siku hizo pakiwa bado na mashamba ya mihogo na mikorosho. Baba alifariki nikiwa mdogo sana, simkumbuki ila kikohozi chake. Mama alikuwa akipika maandazi alfajiri na kuyauza kwa watu waendao kazini. Ndege zilizokuwa zikitua uwanjani zilipita juu ya uwanda wetu, chini kiasi kwamba kuku walikimbilia uvunguni, na mgeni aliyekuwa akizungumza alilazimika kunyamaza kwanza. Sisi wenyeji hatukunyamaza. Tulipaza sauti tu. Nimeambiwa kwamba watu wa Kiwalani wanatambulikana popote kwa kuzungumza kwa sauti ya juu, na sina sababu ya kubisha.

Mwezi Septemba mwaka huo kaka yangu mkubwa alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea uhandisi. Alikuwa na miaka 20. Tulimsindikiza uwanjani sote, mama, mjomba, mimi na majirani wanane, tukasimama kwenye uzio pamoja na wasindikizaji wengine. Kaka alikuwa amevaa koti zito aliloazimwa, na jua lile la Dar es Salaam, akatokwa na jasho kama mtu mwenye homa. Alipanda ngazi, akageuka mara moja, akapunga mkono, akaingia. Mlango ukafungwa.

Wakati ule haujatimia hata mwaka mmoja na nusu tangu ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, aina ya VC10, ipate ajali kwenye uwanja wa Addis Ababa. Ilikuwa tarehe 18 Aprili 1972. Kati ya watu 107 waliokuwa ndani walikufa 43. Habari ile ilisomwa redioni, na mama, ambaye hakujua kusoma lakini hakuwa akisahau jambo alilolisikia, alikuwa nayo moyoni siku ile pale kwenye uzio. Hakuitaja. Ila ndege ilipoanza kukimbia aliushika mkono wangu, na sikuweza kuandika vizuri kwa siku mbili.

Kuanzia siku hiyo mama akawa na desturi mpya. Ndege ikisikika tu, anaacha alifanyalo, anatoka jikoni na unga mikononi, anasimama katikati ya uwanda na kuinua uso. Ndege ikishapita, anarudi kukanda. Hakusema kitu na sisi hatukumwuliza. Baada ya wiki kama tatu akaniambia, "Mwanangu, wewe una mkono wa kuchora. Nichoree ndege aliyopanda kaka yako, niitundike."

Nilimchorea jioni ile ile, kwa penseli, kwenye ukurasa wa daftari, ile ndege ya samaki mwenye mabawa juu na chini. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Ingekuwa imeishia hapo pengine tungekuwa salama wote. Lakini mjomba alipita, akaiinua kwenye mwanga wa chemli, akaitazama kwa makini ambayo mimi niliiona kuwa ni sifa, kisha akasema, "Mjomba, hii si ndege. Hii ni kambare."

Mjomba hakuwa mtu wa shule. Alikuwa amefanya vibarua Nairobi akiwa kijana, na huko ndiko alikojifunza kuandika herufi kwa Mhindi mmoja mwenye karakana ya vibao. Hakuwa na leseni ya lolote. Lakini alikuwa na imani moja kali, kwamba mtu hachori akijuacho, anachora akionacho, na watu wengi wanakufa hawajui tofauti. Jumamosi iliyofuata alinichukua kwa miguu mpaka kwenye uzio wa uwanja. Nilikuwa nimebeba penseli mbili, rula na ufutio. Akavichukua vyote akavitia mfukoni mwake. "Leo hatuchori," akasema. "Leo tunatazama."

Tulitazama asubuhi nzima. Mjomba aliuliza maswali kama hakimu. Injini ziko wapi? Nikajibu, kwenye mabawa. Ziko wapi? Nikatazama tena, na wallahi hazikuwa kwenye mabawa. Ndege iliyokuwa imesimama pale, DC-9 kama nilivyojua baadaye, ilikuwa na injini mbili nyuma kabisa, zimebanwa mbavuni karibu na mkia. Mkia nao uko vipi? Nikasema, umesimama. Na kile kibawa kidogo cha nyuma kiko wapi? Nilikuwa sijawahi kukiona. Kilikuwa juu kabisa ya mkia, kimelala, vikafanya pamoja umbo kama la herufi T. Mabawa makubwa je, yanatokea wapi? Mimi siku zote niliyatoa katikati ya mwili. Yalikuwa yanatokea chini, karibu na tumbo, tena hayakunyooka kama mikono ya mtu anayejinyoosha bali yalilala kuelekea nyuma. "Kama ya mbayuwayu anapopiga mbizi," mjomba akasema. Sababu yake hakuijua, wala hakuona aibu kutoijua. Mimi nimeisoma nikiwa mtu mzima: kwamba ndege inapokaribia kasi ya sauti, hewa inayopita juu ya bawa hujikusanya na kuleta ukinzani mkubwa, na bawa likilazwa nyuma ukinzani huo huchelewa kuanza. Mjerumani mmoja, Adolf Busemann, alilieleza wazo la kulaza mabawa nyuma mbele ya wataalamu mjini Roma mwaka 1935, kabla hata ya ndege ya jeti kuruka. Ile ya kwanza, Heinkel He 178, iliruka tarehe 27 Agosti 1939, siku tano kabla ya Vita Kuu ya Pili kuanza.

Wakati tukirudi mjomba alinieleza juu ya ndege alizoziona Nairobi. Aliiona Comet, ambayo injini zake nne zilifichwa ndani ya mashina ya mabawa, usione kitu ila matundu. Aliiona pia VC10, ndege aliyoipenda kuliko zote, yenye injini nne mkiani, mbili kila upande. Kaka alikuwa ametuandikia kwenye barua yake ya kwanza kwamba kutoka hapa alipanda DC-9 hadi Nairobi, na kutoka Nairobi VC10 hadi London. Basi tukakubaliana kuwa tutachora VC10, maana hiyo ndiyo iliyombeba njia ndefu. Kuiona si kazi. Ilikuwa ikifika na kwetu. Sikujua wakati ule kwamba ndege ile, kwa namna fulani, ilitengenezwa kwa ajili ya nchi zetu, au tuseme kwa ajili ya joto na milima yetu. Viwanja kama cha Nairobi viko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, ikipata jua inakuwa nyepesi zaidi. Ndege nzito hupata taabu kunyanyuka. Kiwanda cha Vickers kilizipeleka injini nyuma ili mabawa yabaki matupu na kufanya kazi moja tu, ya kunyanyua.

Masomo yenyewe yalichukua majuma matano. Tulianza na mstari wa katikati, ambao mjomba aliupiga kwa uzi uliopakwa chaki, kama anavyofanya kwenye kibao. Kisha bomba. Bomba la ndege, alisema, halinenepi katikati kama samaki. Ni jembamba sawasawa mwendo wote mpaka linapokaribia mkia. Nilichora mabomba mpaka nikayaota. Yakafuata madirisha. Hapo alikuwa na amri moja: usichore dirisha lenye pembe kali. Kila pembe izungushwe. Nilidhani ni urembo tu wa mwandika vibao. Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Comet zile za kwanza, ambazo zilianza kuchukua abiria tarehe 2 Mei 1952 kutoka London hadi Johannesburg, zikitua njiani hata hapo Entebbe. Mwaka 1954 mbili zilipasuka angani juu ya bahari karibu na Italia, moja Januari na nyingine Aprili. Wataalamu wakaichukua Comet nzima wakaizamisha kwenye tangi la maji huko Farnborough, wakaibana na kuiachia mara nyingi sana, mpaka ikachanika. Metali ilikuwa imechoka, na uchovu ule ulianzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa mwilini mwake, pale nguvu zinapojikusanya. Nilipoisoma habari hiyo niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Mjomba alikuwa amekwisha kufa.

Lakini shida kubwa ilikuwa bawa la pili. Mimi nilikuwa tayari kukubali yote, injini mkiani, mabawa ya mbayuwayu, madirisha ya duara, lakini si kuiacha ndege na bawa moja. Mjomba akasema ukiitazama kwa ubavu, la ng'ambo limefichwa na mwili. Nikasema lakini lipo. Akasema lipo. Nikasema basi tulichore. Tulibishana siku tatu. Siku ya nne akaenda jikoni akachukua papai bichi, refu, la kupika, akakata vipande viwili vya karatasi ya kaki na kuvichomeka huku na huku. Akanikalisha kwenye kigoda, akalishika papai usawa wa macho yangu na kulisogeza polepole, kwanza pua ikinielekea, ambapo niliona vipande vyote viwili, kisha akaligeuza kidogo kidogo, kipande cha ng'ambo kikawa kinafupika, kikabaki ncha tu, kikatoweka.

"Kiko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya papai."

"Umekiona?"

"Sijakiona."

"Basi. Kipo, hukioni. Mchoraji analipwa kwa kinachoonekana."

Sijui kama nimewahi kujifunza jambo lingine lolote kwa namna ile. Ni kama mtu aliyenivua kitambaa usoni. Jioni hiyo nilimtazama mama akipuliza moto nikaona kuwa, kutoka nilipokaa, alikuwa na sikio moja. Mbuzi wa jirani alikuwa na miguu mitatu. Nililala nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Ndege yenyewe niliichora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, karatasi nene, nyeupe, ndefu kama mkono wangu. Ilinichukua siku sita. VC10 kamili, kwa ubavu, pua kushoto, injini mbili za upande mmoja zimebanwa nyuma, mkia wa T, bawa moja limelala kuelekea nyuma likifupika kama inavyopasa. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu. Hakutaja kambare. Akasema, "Hii naweza kuiweka dukani," na hiyo ilikuwa shahada yangu.

Nikampelekea mama.

Aliifuta mikono kwanza kwenye khanga. Akaishika, akaisogeza karibu na mlango penye mwanga, akaitazama, na nikaona uso wake unabadilika, si kwa furaha.

"Bawa la pili liko wapi?"

"Liko upande wa pili, mama. Halionekani."

"Nani asiyeliona?"

"Mtu yeyote anayeitazama kwa ubavu."

Alinyamaza. Kisha akasema kwa upole, kama anayeomba chumvi kwa jirani, "Mwanangu, kaka yako amepanda ndege yenye mabawa mawili. Nichoree la pili. Hata dogo."

Nikakataa. Sikukataa kwa ukali, maana mtoto wa wakati ule hakuwa akimkatalia mzazi kwa ukali; nilieleza. Nilileta papai. Nilichomeka karatasi za kaki, nikaligeuza mbele ya macho yake, nikamwonyesha jinsi linavyotoweka. Alitazama papai mpaka mwisho kwa subira kubwa, akasema, "Nimeelewa, baba. Sasa nichoree." Nikamwambia nikilichora nitaiharibu, watu watacheka. Usiku mjomba mwenyewe aliniita nje akaniambia, "Mchoree mama yako bawa. Si kila picha ni ya mtihani." Nikalia, nikamwambia wewe ndiye uliyenifundisha. Hakuwa na la kujibu. Mama aliitundika vile vile ilivyo, kwa misumari minne, juu ya kitanda chake. Hakuniomba tena.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Barua za ndege kutoka kwa kaka zilikuja kila mwezi, nikimsomea mama, kisha kila baada ya miezi mitatu, kisha sikukuu kwa sikukuu. Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika, Jumuiya yenyewe ikafuata, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Wengine walizungumzia siasa. Mama aliuliza swali moja tu: "Sasa kaka yako atarudi na ndege gani?" Nilimjibu kuwa ndege za kutoka Uingereza ni nyingi, nchi haziishi. Lakini alikuwa ameshika hesabu yake mwenyewe, na hesabu yake ilitokea kuwa sahihi. Kaka alimaliza masomo, akapata kazi, akaoa huko huko. Alikuja mara moja, mwaka 1988, akakaa siku 19. Mjomba alikuwa ametutoka mwaka 1985, akidaiwa bei ya kopo mbili za rangi nyekundu, deni ambalo nililipa mimi.

Mimi niliingia ualimu. Somo la mjomba lilinifaa darasani kuliko mengi niliyofundishwa chuoni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 shirika jipya la ndege la nchi yetu lilikuwa limeleta Boeing 737, zenye injini nyembamba ndefu kama sigara chini ya mabawa, nami nikawachorea wanafunzi hivyo. Miaka ikapita, zikaja 737 za toleo jipya, na siku moja nikiwa uwanjani nikaona injini zake ni nene, na chini zimebonyea, si duara kamili. Nikazichora ubaoni zilivyo. Mtoto mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, duara lako limekaliwa." Darasa zima likacheka. Nikawaeleza kuwa si langu, ni la waundaji: ndege ile ilibuniwa tangu mwanzo kuwa fupi, karibu na ardhi, na injini mpya zilipokuwa pana zaidi ilibidi vifaa vya chini vihamishiwe pembeni ili zisikwaruze njia ya kurukia. Yule mtoto hakuniamini. Nilifurahi sana kwamba hakuniamini. Nikamwambia aende kwenye uzio akatazame.

Mama alifariki mwaka 2004. Kaka alifika siku moja baada ya mazishi, kwa sababu tulizika kama dini yetu inavyoagiza na ndege haziruki kwa kufuata huzuni za watu. Tulikaa matanga. Siku ya nne tukafungua sanduku lake la bati, sisi wawili. Mlikuwa na khanga mpya hazijavaliwa, barua za ndege zimefungwa kwa uzi, zote, hata bahasha, na chini kabisa ile kalenda imekunjwa mara nne. Ilikuwa imeondolewa ukutani nyumba ilipopakwa chokaa, sikumbuki mwaka gani, na sikuwahi kuiulizia.

Kaka akaikunjua. VC10 yangu ilikuwa imefifia lakini ipo. Na juu ya mwili wake, ikitokea katikati ya madirisha na kupanda kuelekea ukingo wa karatasi, palikuwa na bawa la pili. Limechorwa kwa kalamu ya wino wa buluu, kwa mkono usiozoea kushika kalamu, mistari imerudiwa rudiwa mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Ni bawa la kambare.

"Nani alichora hili?" kaka akauliza.

Nikamweleza yote, papai na machozi. Alisikiliza, akaikunja karatasi tena kwa mikunjo yake ile ile. Baadaye akasema kuwa safari ile ya mwaka 1973 alipewa kiti cha dirishani, akakodolea macho nje usiku kucha kwa hofu, na njia nzima hakuona ila bawa moja. Alisema hivyo tu, nadhani alikuwa akinitetea.

Jioni kabla hajaondoka tulikuwa tumekaa uwandani kwenye jamvi. Mashamba ya mihogo yalikwisha zamani, ni ukuta kwa ukuta sasa, lakini njia ya ndege haikuhama. Ikapita moja, chini, taa zinawaka. Sote wawili tukanyamaza na kuinua nyuso, yeye kwa ugeni, mimi sijui kwa nini, maana nilikuwa nimeacha kuzitazama. Ilikuwa juu yetu kabisa. Tumbo jeupe, na mabawa mawili yametandazwa huku na huku, sawa kwa sawa. Nikiwa bado nimeinua shingo, nikaelewa kitu ambacho kilipaswa kuniingia miaka 31 nyuma. Mama hakuwa amekosea. Yeye naye alikuwa akitaka achorewe akionacho. Uwanda wake ulikuwa chini ya ndege, si kando ya ndege. Aliziona hivi, kila siku, unga mikononi. Kwa ubavu aliiona siku moja tu, pale kwenye uzio, na siku hiyo alikuwa akimtazama mtoto, si ndege. Mimi nilikuwa nimemletea papai nikaligeuza kila upande isipokuwa kuliinua juu ya kichwa chake.

Sikumwambia kaka neno. Alipokwenda nilibaki na kalenda.

Mwishoni mwa mwaka 2013 aliniletea barua nene yenye picha ndani. Ndipo nilipojua kwamba shirika lile lilipovunjika, VC10 zake nne zilinunuliwa kwa ajili ya Jeshi la Anga la Uingereza na kugeuzwa matangi ya kuzijazia ndege nyingine mafuta angani. Baadhi zilifanya kazi hiyo mpaka Septemba 2013, VC10 za mwisho zilipostaafishwa. Zilijengwa 54 tu duniani, na ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, mwaka 1970, ilikuwa yetu, imesajiliwa Tanzania. Nayo ilipelekwa Dunsfold, kusini mwa London, ili ihifadhiwe. Kaka, aliyekuwa amestaafu, alikwenda kuitazama. Kwenye picha amesimama mbele yake na koti, safari hii si la kuazima. Ndege ni ya kijivu, imezeeka, lakini mkia ni ule ule. Nyuma ya picha ameandika: huenda ndiyo iliyonichukua, nichoree.

Nilichukua wiki mbili. Sikuichora kama ilivyo kwenye picha. Nilipiga mstari wa katikati kwa uzi wa chaki, nikachora tumbo, mabawa mawili yaliyolala nyuma, injini nne zikichungulia, magurudumu yametolewa, kama inavyoonekana kwa mtu aliyesimama Kiwalani saa ya kutua. Nikaiweka kwenye bahasha ya kaki nikaituma.

Kaka alinipigia simu ilipomfikia. Alianza na salamu, akauliza watoto, akauliza mvua. Kisha akasema, "Bwana mdogo, imependeza sana. Lakini mbona haina madirisha?"